Mlango wa Gereji Uliokwenda Upogo: Kutafuta Kosa na Kuunyoosha

Mlango wa gereji hauharibiki kwa siku moja. Huanza na mkwaruzo mdogo upande mmoja unapoupandisha asubuhi. Wiki kadhaa baadaye mwanga unapenya kwenye kona ya chini ambayo zamani ilikuwa giza. Halafu siku moja unakwama katikati, kona moja juu na nyingine chini, gari likiwa ndani. Milango mingi niliyoitiwa ikiwa katika hali hiyo, mwenyewe alikuwa ameshaongeza nguvu ya mota ili iusukume kwa lazima. Kama nawe umefanya hivyo, rudisha kitufe kilipokuwa kabla hujasoma zaidi. Kazi ya mota ni kuuongoza tu mlango ambao tayari ni mwepesi. Ukiipa nguvu ya kushindana na reli iliyopinda, itapinda paneli ya juu, itang'oa bawaba, na mbaya zaidi, haitahisi tena kama kuna mtoto chini yake.

Ninayoyaeleza hapa ni ya mlango wa paneli, ule wenye vipande vinne au vitano vilivyoungwa kwa bawaba, unaopanda kwenye reli mbili za ukutani kisha ukalala chini ya dari. Mlango wa kipande kimoja unaobinuka mzima mzima, au wa mabati unaojiviringa juu, una ufundi wake na hautafaidika na maelezo haya.

Nani anabeba nini

Mlango wa chuma wa upana wa gari moja ni mzito kuliko watu wengi wanavyodhani, na wa magari mawili, ukiwa wa mbao au ukiwa na tabaka la kuzuia joto, unaweza kuzidi kilo 100. Lakini ukiuinua kwa mkono, mlango mzima unapanda kama dirisha. Uzito wote umebebwa na springi.

Springi zipo za namna mbili, na ni lazima ujue yako ni ipi kabla hujashika spana. Ya kwanza ni springi ya kusokotwa: imevishwa kwenye shafti juu ya mlango, sambamba na linta, na kila ncha ya shafti ina ngoma ndogo inayozungushiwa kebo. Ya pili ni springi ya kuvutwa: ziko mbili, moja kila upande, zimelala juu ya zile reli za mlalo, na kebo yake inapita kwenye kapi. Kwa aina zote mbili kebo hushuka hadi chini kabisa ya mlango na kushikwa na breketi iliyofungwa kwenye kona ya paneli ya mwisho.

Sasa elewa jambo hili, kwa kuwa ndilo linaloumiza watu. Mlango ukiwa chini, springi ndipo imekazwa kuliko wakati wowote. Ile breketi ya kona ya chini inavutwa juu na nguvu inayotosha kuinua nusu ya mlango. Ukifungua bolti zake mlango ukiwa umefungwa, chuma kile kitaruka na kebo yake, na mkono wako uko njiani. Vilevile skrubu za ngoma na za kichwa cha springi ya kusokotwa: ukizilegeza bila fimbo maalumu na bila kujua mizunguko iliyomo, shafti itajifungua yenyewe kwa kasi ambayo hutaweza kuizuia. Watengenezaji wengi hupaka rangi nyekundu bolti hizi. Ukiona nyekundu, ondoa spana. Mimi sioni aibu kusema kwamba springi ya kusokotwa ni kazi ya fundi aliyeisomea, na kumwita siyo kushindwa.

Yanayobaki ni mengi, na mengi kati yake utayaweza: reli, breketi za reli, bawaba za katikati, vigurudumu, macho ya usalama (yale yanayourudisha mlango juu kitu kikikatiza mwale kati yake), na kwa tahadhari, kebo ya springi ya kuvutwa.

Vifaa

Andaa pimamaji, timazi, futi ya chuma, seti ya soketi na spana, nyundo ya mpira, kipande cha ubao, koleo kubwa, ngazi imara, na klempu mbili nzuri, zile jiriwa ndogo za mkono. Vaa glavu na miwani ya kinga. Uwe na penseli au kalamu ya kuandikia chuma pia. Nitaeleza kwa nini. Kama huna timazi, funga nati nzito kwenye uzi. Inafanya kazi ileile.

Hatua ya kwanza: tazama kabla ya kulegeza chochote

Funga mlango. Chomoa mota kwenye umeme, usiizime kwa rimoti tu. Vuta kamba nyekundu inayoning'inia kwenye reli ya mota ili mlango uachane nayo. Kamba hiyo ivutwe mlango ukiwa chini. Ukiivuta mlango ukiwa juu na springi imekatika, mlango wote utashuka kama jiwe.

Simama ndani, zima taa, utazame mwanga unakopenya. Mwanga ule ni mchoro wa kosa lenyewe. Ukiona mwanya wa chini umepanuka kuelekea kona moja kama kabari, usiharakishe kuulaumu mlango. Weka pimamaji juu ya ukingo wa paneli, siyo chini kwenye mpira. Maji yakikaa katikati, mlango umenyooka na sakafu ndiyo iliyoinama. Hapo kazi yako ni kubadili mpira wa chini kwa mnene zaidi, au kukata ubao wa chini ufuate sakafu ikiwa mlango ni wa mbao. Nimewahi kukuta reli zimelegezwa na kugongwa kwa siku nzima ili kutibu sakafu iliyozama kona. Mlango uliokuwa mzima ukaanza kukwama, na mwanya ukabaki palepale.

Maji yakikimbilia upande mmoja, basi mlango ndio uliolala, yaani umeinamia upande. Sasa tazama pembeni. Mlango uliolala huwa na dalili mbili kwa pamoja: kabari ya mwanga chini, na kabari nyingine kati ya ukingo wa mlango na mwimo (ule ubao wa fremu wa pembeni), pana juu upande mmoja na pana chini upande wa pili. Ukiziona zote mbili, macho yaende kwenye kebo. Zishike kwa kidole moja moja, usizivute, uzibonyeze tu. Zote zinatakiwa ziwe zimekaza sawa, kama nyuzi mbili za chombo kimoja. Moja ikiwa imelegea na nyingine imekaza, au moja imeruka kwenye ngoma yake, umepata jibu, na reli hazina kosa. Chunguza pia nyuzi za kebo yenyewe karibu na breketi ya chini, mahali inapolowa maji ya sakafuni. Kebo hukatika uzi mmoja mmoja, na ikianza kufumuka inabadilishwa, hairekebishwi.

Mwanya ukiwa sawa kuanzia kona hadi kona lakini mlango haufiki chini, mlango haujapinda kabisa. Kikomo cha kushukia cha mota kimewekwa juu mno, au kuna kitu kimelala kwenye njia ya mpira.

Baada ya hapo, upandishe mlango kwa mkono, polepole, mikono yote miwili katikati. Usikilize. Mkwaruzo mahali pamoja kila mara ni reli iliyobonyea hapo. Mlango mzito safari nzima ni springi iliyochoka. Kishindo kimoja kila kigurudumu kinapopita kwenye kona ya reli ni maungio ya reli ya wima na ya mlalo ambayo hayajakutana sawasawa. Uache mlango nusu ya safari na uondoe mikono taratibu, bila kwenda mbali. Mlango wenye mizani nzuri unabaki pale ulipoachwa au unasogea kidogo tu. Ukishuka kwa nguvu au ukipaa wenyewe, springi hailingani na uzito, na kunyoosha reli hakutasaidia lolote mpaka hilo litatuliwe. Springi nyingi za kawaida hutengenezwa kwa safari 10,000, kupanda na kushuka kukihesabiwa safari moja. Nyumba inayofungua mlango mara nne kwa siku inazimaliza kwa miaka chini ya saba.

Ukiwa hapo, tumia futi. Pima nafasi kati ya ukingo wa mlango na reli, juu, katikati na chini, pande zote mbili, na uandike namba. Milango mingi huachiwa milimita 6 hadi 15. Namba moja kamili si muhimu kama kulingana: ikiwa upande wa kushoto una 10 juu na 3 chini, reli hiyo imeingia ndani chini. Geukia dari. Pima umbali kati ya reli mbili za mlalo karibu na mlango, kisha nyuma mwisho wake. Lazima ulingane. Mwisho pima mishazari: kutoka kona ya juu kushoto ya mlango hadi ncha ya nyuma ya reli ya kulia, na kinyume chake. Zikipishana zaidi ya sentimita moja, reli za juu zimehamia upande mmoja, na mlango utakuwa ukijipinda kila unapolala chini ya dari hata kama chini umekaa vizuri.

Uchunguzi huu unachukua kama nusu saa. Usiupunguze.

Reli: kazi iliyo kubwa kuliko zote

Reli ya wima husogea kwa sababu za kawaida tu. Gari limeigusa, bolti zimelegea kwa mtikisiko wa miaka, ubao wa mwimo umekauka na skrubu hazina tena pa kushika, au nyumba imetulia na fremu ikahama. Kabla ya kunyoosha, tingisha kila breketi kwa mkono. Ikiwa skrubu inazunguka bure kwenye ubao, kukaza hakusaidii. Ichomoe, weka skrubu ndefu zaidi, au uhamishie breketi sentimita chache kwenye mbao mzima. Ubao uliooza ubadilishwe kwanza.

Kuna jambo moja ambalo wengi hulikosea wakiwa na nia nzuri kabisa. Wanachukua timazi na kuisimamisha reli iwe wima kila upande, mbele, nyuma, kushoto, kulia. Kushoto na kulia, sawa: reli ukiitazama kutoka ndani ya gereji iwe wima kama uzi. Lakini ukiitazama kwa ubavu, reli haitakiwi kuwa wima. Huanza karibu na mwimo huku chini na kuachana nao kidogo kidogo inavyopanda. Ndiyo maana breketi za reli hazilingani urefu, fupi ikiwa chini. Na ndiyo maana bawaba za pembeni zimegongwa namba: namba 1 kwenye kiungo cha chini, 2 kinachofuata, 3 juu yake, kila moja ikikiweka kigurudumu mbali zaidi na paneli. Mwinamo huo unaufanya mlango uubane mpira wa mwimo unapofika chini tu, na kuachana nao mara unapoanza kupanda. Ukiunyoosha mwinamo huo, mlango utasugua fremu safari nzima, au utabaki na upepo ukipita pembeni.

Kwa hiyo ukikuta mlango unaosugua mahali ambapo bawaba ilibadilishwa karibuni, soma namba kabla ya kugusa reli. Bawaba namba 3 iliyofungwa mahali pa namba 1 inatosha kuupotosha mlango mzima. Bawaba za katikati na za pembeni juu ya paneli ya chini unaweza kuzibadilisha, moja baada ya nyingine, mlango ukiwa umefungwa. Ile ya kona ya chini, yenye kebo, nimeshasema.

Sasa kunyoosha kwenyewe. Mlango uwe chini, mota imechomolewa na kuachanishwa. Funga klempu kwenye reli ambayo huirekebishi, juu kidogo ya kigurudumu chochote, ili mlango usipande ukiwa kazini. Chora mstari kwa kalamu pale reli inapokutana na kila breketi, uweze kurudi ulikoanza mambo yakiharibika.

Rekebisha reli moja, ukaze, ndipo uende ya pili. Usilegeze mbili kwa wakati mmoja hata kama zote zina kosa. Reli ndizo zinazouzuia mlango usiangukie ndani. Zikilegea zote, hakuna kinachoushika isipokuwa kebo.

Legeza bolti zinazoshika reli kwenye breketi, kiasi cha kuifanya reli isogee ikigongwa, si kiasi cha kuning'inia. Skrubu zinazoshika breketi ukutani ziache. Weka ubao juu ya reli na ugonge kwa nyundo ya mpira, kidogo kidogo, ukianzia pale namba zako zilipoonyesha kosa kubwa. Usigonge chuma moja kwa moja. Utatibu mpindo mmoja na kuzaa mwingine. Pima tena kwa futi na timazi kila baada ya mapigo machache. Nafasi ikishalingana juu, katikati na chini, kaza bolti, lakini siyo kwa nguvu ya mwisho.

Ondoa klempu. Nasisitiza kwa kuwa husahaulika, na mlango ukipandishwa na klempu mahali pake unapinda papo hapo. Pandisha mlango kwa mkono hadi juu na uushushe mara tatu. Tazama vigurudumu: kila kimoja kizunguke, na mhimili wake uweze kuingia na kutoka kidogo kwenye bawaba bila kubanwa. Kigurudumu kinachoburuzwa bila kuzunguka kinakuonyesha mahali reli bado inabana. Ukiridhika, ndipo ukaze bolti zote kikamilifu kuanzia chini kwenda juu, na upime mara ya mwisho, maana kukaza nako huweza kuivuta reli milimita mbili tatu.

Reli iliyobonyea mdomo tu inanyooshwa kwa koleo kubwa, au kwa kuweka ubao mgumu ndani yake na kugonga kutoka nje. Iliyovunjika mkunjo, yaani yenye alama ya chuma kilichokunjwa kikarudi, hairudi katika uimara wake. Ibadilishe.

Reli za mlalo hufuata kanuni ileile, na hapa pia mlango lazima uwe chini, bila ubishi, kwa kuwa ukiwa juu zimebeba uzito wake. Ncha za nyuma huning'inizwa kwa vyuma vya pembe kutoka kwenye dari. Legeza chuma kimoja, sogeza ncha hadi mishazari ilingane, kaza. Hakikisha vyuma hivyo vimefungwa kwenye boriti na siyo kwenye ubao mwembamba wa dari. Vikiyumba kushoto na kulia, ongeza kipande cha mshazari.

Kigurudumu kilichotoka relini

Kikiwa kimoja, na kebo zote bado zimekaza mahali pake, unaweza kukirudisha. Viwili au zaidi, au kebo imeruka, acha.

Ikiwa mlango umekwama nusu ya njia ukiwa umelala, kwanza ushikilie. Usibonyeze rimoti, wala kujaribu "mara moja tu tuone". Weka mbao imara chini ya mlango pande zote mbili, na funga klempu kwenye kila reli chini ya kigurudumu kilicho mahali pake. Mtu yeyote asipite chini yake.

Mahali kigurudumu kilipotokea, fungua mdomo wa reli kwa koleo, kiasi cha kukipitisha tu, ukisukume ndani, kisha ubane mdomo urudi ulivyokuwa, ukilinganisha kwa jicho na sehemu nzima iliyo jirani. Usiridhike hapo. Kigurudumu hakitoki bila sababu: reli imepanuka, mhimili umepinda, beringi imekufa, au kitu kiligongwa. Kama sababu haijaonekana, kitatoka tena.

Mlango wa paneli nne huwa na vigurudumu kumi, vitano kila upande. Vya nailoni vyenye beringi vina ukimya kuliko vya chuma, nami navipendelea. Vile viwili vya chini kabisa viko kwenye breketi ya kebo, kwa hiyo mwachie fundi.

Kebo zisizolingana

Kwa springi ya kusokotwa, kusawazisha kebo kunahitaji kuilegeza springi na kuigeuza ngoma. Mwite fundi. Ukimsubiri, acha mlango chini, mota ikiwa imechomolewa, na klempu juu ya kigurudumu kila upande ili mtu asijaribu kuufungua.

Springi ya kuvutwa inatoa nafasi, kwa sababu mlango ukifika juu kabisa springi zake hulegea. Pandisha mlango hadi mwisho, kwa mkono na mtu wa pili, na ufunge klempu kwenye reli zote mbili chini tu ya kigurudumu cha chini. Tingisha uhakikishe mlango hauwezi kushuka, na springi zinachezacheza mkononi. Zikiwa bado zimekaza, usiendelee.

Ncha ya kebo imeshikwa kwenye chuma chenye matundu au ndoano. Kona iliyokuwa ikibaki nyuma mlango unapopanda ndiyo yenye kebo ndefu. Isogeze tundu moja ili uifupishe. Kona inayoning'inia hewani mlango ukiwa umefungwa, ambayo haigusi sakafu iliyonyooka, ina kebo fupi, irefushe. Tundu moja tu, halafu ondoa klempu, shusha taratibu, weka pimamaji. Ukihitaji tundu la pili, rudi uanze upya na klempu. Baada ya hapo kagua kama kila springi ina waya wa usalama uliopita katikati yake na kufungwa ncha zote mbili. Springi hii ikikatika bila waya huo inaruka kama mkuki. Ikiwa haupo, uweke leo.

Springi moja ikiwa imechoka na nyingine ni mpya, mlango utalala tu, hata ukisogeza matundu yote. Zibadilishwe mbili kwa pamoja.

Mafuta

Futa reli kwa kitambaa kikavu na usizitie grisi, kwa kuwa hukusanya vumbi na kuvifanya vigurudumu viteleze badala ya kuzunguka. Mafuta ya silikoni au grisi nyeupe ya lithiamu yaende kwenye bawaba, beringi za vigurudumu na springi. Mafuta ya kulegeza kutu hayatoshi. Hukauka upesi na huosha grisi iliyokuwepo.

Kurudisha mota, na jaribio la mwisho

Kabla ya kuiunga mota, hakikisha mkono wake unavuta katikati ya paneli ya juu na kwamba paneli haina ufa pale uliposhikizwa. Mkono unaovuta upande hurudisha upogo wote ulioutoa.

Macho ya usalama, yale mawili madogo yaliyo chini ya reli, huwa yamehama wakati wa kugongagonga. Dalili yake ni mlango unaoanza kushuka kisha ukarudi juu, na taa ya mota ikimwekamweka. Futa vioo vyake, kisha vuta uzi kutoka jicho moja hadi lingine na uyaelekeze kwenye uzi huo mpaka taa ndogo za pande zote mbili ziwake bila kucheza. Yasizidi sentimita 15 kutoka sakafuni, maana juu ya hapo mtoto aliyelala au mnyama anapita chini ya mwale. Nchini Marekani, mota za milango ya nyumba zilizotengenezwa tangu tarehe 1 Januari 1993 zinalazimika kuwa na macho haya au kinga nyingine ya aina hiyo. Mota yako ikiwa haina kabisa, ni bora ubadilishe mota.

Rudisha nguvu ya mota na vikomo vyake katika kiwango cha chini kinachoupandisha na kuushusha mlango. Laza ubao bapa wa unene wa kama sentimita 4 sakafuni katikati ya njia, ubonyeze rimoti. Mlango ukigusa ubao lazima urudi juu. Usiporudi, punguza nguvu na urudie. Kisha jaribu macho: mlango ukiwa unashuka, pitisha fimbo ya ufagio mbele ya mwale. Nao lazima urudi. Ukifeli jaribio lolote kati ya haya mawili, chomoa mota na uutumie mlango kwa mkono mpaka kosa lipatikane.

Ile mistari ya kalamu uliyochora kwenye breketi, ifute na uchore mipya pale reli ilipo sasa. Tazama baada ya wiki mbili. Mstari ukiwa umeachana, bolti hiyo imelegea au mbao nyuma yake haishiki, na utaanzia hapo.